Dafu Juu ya Karatasi: Uchambuzi wa Onyesho Moja Lililokwama

Onyesho tunalolichambua hapa limetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayorudi katika mswada baada ya mswada. Tumelichagua dogo kwa makusudi: watu wawili, baraza moja, alasiri moja. Onyesho la namna hii halina umati wala vita vya kulifichia udhaifu wake.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanaidi, miaka 26, anatoka Tanga mjini kwenda Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kwa baba yake mdogo, Mzee Sefu. Baba yake amefariki miezi mitatu iliyopita na kuacha shamba la minazi 80. Warithi ni watatu: mjane, binti mmoja, na Mzee Sefu, ndugu wa marehemu kwa baba na mama. Mjane hawezi kusafiri kwa kuwa yumo edani, na eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10. Kwa hiyo binti anakwenda peke yake kwa mtu ambaye hajawahi kubishana naye maishani.

Mali ghafi ni nzuri. Rasimu ya kwanza, maneno 1,150, ilikuwa haisomeki. Ukiyapanga maneno hayo kwa kazi yake, unapata hivi: safari ya basi na kivuko 310, salamu 130, maelezo ya mirathi 240, majibizano 390, kilio na kuondoka 80. Maana yake ni kwamba msomaji alitembea maneno 680, zaidi ya nusu ya onyesho, kabla mtu hajataka kitu mbele ya mtu mwingine. Hii hapa sehemu ya katikati:

“Mwanaidi alihisi huzuni kubwa moyoni mwake. Alijua kwamba kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye mtoto hupata thumuni, binti wa pekee hupata nusu, na kinachobaki huchukuliwa na ndugu wa marehemu. Alijua pia kwamba baba yake mdogo alikuwa na tamaa. ‘Baba mdogo, nimekuja tuzungumze kuhusu shamba,’ alisema kwa unyenyekevu. ‘Shamba ni langu!’ Mzee Sefu alifoka kwa hasira. ‘Mwanamke hana haja na minazi!’”

Sheria iliyoelezwa hapo ni sahihi. Madeni na wasia vikishaondolewa, thumuni ya minazi 80 ni 10, nusu ni 40, na ndugu anabakiwa na 30. Kosa liko pengine. Neno lililoliua onyesho hili ni “tuzungumze”. Kuzungumza si haja. Mtu akija kuzungumza, akazungumza, amekwisha kupata alichokijia, hata akifukuzwa. Haja ya mhusika katika onyesho lazima iwe kitu ambacho mwishoni mtu yeyote aliyesimama uani anaweza kusema kama kimepatikana au hakikupatikana: ufunguo, sahihi, jina la mtu, noti tano za elfu kumi. Hapa palihitajika kitu cha kushikika, na bahati nzuri mirathi yenyewe inakitoa. Mahakama ya Mwanzo inapofungua shauri la mirathi hutaka, pamoja na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza msimamizi, wenye sahihi za waliohudhuria. Mwandishi akampa Mwanaidi karatasi hiyo ndani ya mkoba. Wazee wote wameshatia sahihi. Imebaki moja.

Tangu hapo onyesho lina mizani. Kila tendo la baraza hilo ama linaisogeza kalamu karibu na mkono wa Mzee Sefu ama linaisogeza mbali.

Ila rasimu ya pili ilizidi kuharibika, na inafaa tuiangalie kwa sababu ndiyo njia ambayo karibu kila mwandishi huipita akiambiwa onyesho lake limepoa. Aliongeza sauti. Mzee Sefu akapiga meza, Mwanaidi akapiga kelele, karatasi ikachanwa, majirani wakajaa. Vitu vinne vilivunjika mara moja. Kwanza, msichana wa pwani aliyelelewa na watu hampigii kelele baba yake mdogo barazani kwake katika dakika ya tatu ya ziara. Msomaji anayeijua pwani anaacha kuamini hapo hapo. Pili, jibu la “hapana” lilitolewa mapema, kwa hiyo maneno mia tatu yaliyofuata yalikuwa ni “hapana” ile ile kwa sauti ya juu zaidi. Tatu, karatasi ikishachanwa haja imekufa, na onyesho halina tena pa kwenda. La nne ndilo zito kuliko yote: Mzee Sefu aligeuka kuwa jitu la ngano. Dhalimu mtupu hachoshi akili ya mtu yeyote. Msomaji anajua amwonee huruma nani, basi hana kazi.

Dawa yake ilikuwa kumpa Mzee Sefu haki. Si kisingizio, haki. Sehemu ya haki hiyo ilikuwapo tangu mwanzo bila mwandishi kuiona: minazi 30 ni yake kisheria. Ikaongezwa nyingine isiyo ya kisheria lakini nzito katika ukoo wowote, kwamba kwa miaka 11 yeye ndiye aliyelipalilia shamba hilo wakati kaka yake akiishi mjini. Mtu aliyemwaga jasho mahali kwa miaka 11 hupasema “kwangu” bila kukusudia uongo. Sasa kuna watu wawili wenye haki na karatasi moja katikati yao, na adabu inawakataza wote wawili kulisema jambo lilivyo.

Adabu hiyo ndiyo injini. Kwetu mtu hakatai kwa kusema hapana. Anakukaribisha. Anakwambia ule kwanza, upumzike, anauliza habari za safari, mpaka basi la mwisho linakaribia kuondoka na jambo lako limelala. Mwandishi wa Kiswahili ana silaha hii tayari mkononi, na inasikitisha kuona inavyotupwa ili wahusika wafokeane. Kukataa kwa ukarimu kuna taharuki zaidi, kwa sababu anayekataliwa hana pa kushika: atagombana vipi na mtu anayemkatia dafu?

Na dafu lilikuwapo. Katika rasimu ya kwanza lilitajwa mara moja tu, “akampa dafu akanywa”, maneno matatu ya mapambo. Mwandishi alipoulizwa dafu hilo limetoka kwenye mnazi gani, onyesho zima lilifunguka. Limetoka kwenye mnazi wa marehemu. Mzee Sefu anamkirimu mtoto kwa mali ya mtoto. Nazi huanguliwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, na tangu msiba imepita mitatu, kwa hiyo lazima wakwezi wamekwisha kupanda. Kama wamepanda, nazi ziko wapi? Mgeuko wa onyesho ukajileta wenyewe: Mwanaidi alikuja kuomba sahihi, anagundua mavuno yamekwisha kuuzwa kabla ya kugawanywa.

Tuitazame sasa rasimu ya nne, kuanzia salamu hadi mwisho.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo.”

Akauliza kivuko kilikuwaje, akauliza mvua ya Tanga, akauliza bei ya unga. Mama hakumuulizia.

Mwanaidi akaitoa karatasi kwenye mkoba, akaitandaza mezani, kalamu akailaza pembeni. “Wazee wote wameshatia sahihi. Imebaki yako, baba.”

“Kunywa kwanza. Umetoka mbali.”

Mzee Sefu aliinuka, akaokota dafu moja kwenye lundo dogo chini ya dirisha. Akalizungusha kiganjani kama mtu anayetafuta mlango wake, akalipiga panga mara tatu, akalitoboa. Maji yakamrukia mkononi. Akaja nalo, akaliweka mezani. Juu ya karatasi.

“Ahsante, baba.”

“Matamu hayo. Ndiyo yaliyobaki. Nazi lori lilizibeba Jumanne.”

Mwanaidi hakulishika. Maji yalichuruzika kwenye kumbi, yakashuka taratibu, karatasi ikaanza kuyanywa kuanzia kwenye jina la marehemu.

“Za wapi, baba?”

“Za shambani.” Mzee Sefu akakaa. “Za shambani kwangu. Miaka kumi na moja napalilia mimi, mwanangu. Marehemu alikuwa akija Idi mpaka Idi.”

“Ni kweli. Ulipalilia wewe.” Mwanaidi akaliinua dafu kwa mikono miwili, akaliweka sakafuni karibu na mguu wa meza. “Minazi kumi ya mama. Arobaini yangu. Thelathini yako. Lori lilibeba nazi za minazi mingapi?”

Mzee Sefu alikuwa bado ameshika panga. Akaliegemeza ukutani taratibu.

“Umeihesabu lini?”

Salamu kwanza. Kuna ushauri unaozunguka kwamba salamu zikatwe zote katika maandishi kwa sababu hazina habari. Kwa Kiswahili ushauri huo haufai. Msomaji wetu akiona binti amefika kwa mkubwa wake bila shikamoo, anadhani kuna ugomvi ambao hajaambiwa. Salamu zibaki, lakini chache, na moja ivunjike. Hapa maneno 130 yamekuwa chini ya 25, na kilichovunjika ni swali lisiloulizwa: mjane yumo edani, na shemeji yake anauliza bei ya unga. Sentensi “Mama hakumuulizia” ina maneno mawili na inafanya kazi iliyofanywa zamani na “alijua pia kwamba baba yake mdogo alikuwa na tamaa”, ila haimhukumu mtu. Huenda ni tamaa. Huenda ni aibu.

Maelezo ya mirathi, maneno 240, yamebaki maneno manane yaliyo kinywani mwa Mwanaidi: minazi kumi ya mama, arobaini yangu, thelathini yako. Idadi ya 80 haitajwi popote. Msomaji anaijumlisha mwenyewe, na hesabu aliyoifanya mwenyewe haimtoki upesi. Angalia pia mahali maneno hayo yalipokaa. Yangewekwa mwanzoni yangekuwa darasa. Yamewekwa baada ya “Za shambani kwangu”, yamekuwa jibu. Kanuni tunayoitumia ni kuuliza: ni nani anahitaji habari hii sasa hivi ili amshinde mwenzake? Kama hakuna, habari ingoje. Na kwa kuwa sehemu ya mzee imetajwa pamoja na nyingine, tena ya mwisho, binti anambishia huku akimpa haki yake. Hilo lisingewezekana katika rasimu ya kelele.

Lugha nayo ilirekebishwa kwa undani. Kiambishi -ka- ndicho kinachosukuma matendo katika usimulizi wetu: akalizungusha, akalipiga, akalitoboa. Vitendo vitatu mfululizo vinatosha kuonyesha mkono uliozoea panga. Mwandishi alikuwa na saba, na kuanzia cha nne sauti ilikuwa imegeuka ya hadithi ya paukwa pakawa, mtu akaenda akafika akamkuta akamwambia. Tiba ni kuikata minyororo hiyo kwa -li- panapoanza tendo jipya (“Mzee Sefu aliinuka”, “Maji yalichuruzika”), na mara moja moja kwa sentensi isiyo na kitenzi kabisa. “Juu ya karatasi” imesimama peke yake kwa sababu hiyo. Ingeunganishwa na iliyotangulia, jicho lingeipita.

Kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya ufundi vilivyoandikwa kwa lugha nyingine haviwezi kukuonya. Kiambishi a- hakisemi mwanamume wala mwanamke. “Akamtazama, akainama, akaisogeza” katika onyesho la watu wawili ni giza. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sehemu tisa ambazo hazikuonyesha nani anafanya nini. Hapa kuna njia mbili. Jina lirudishwe kila mtendaji anapobadilika, hata kama linaonekana kujirudia. Mwanaidi ametajwa mara tatu katika kipande hiki na Mzee Sefu mara tatu, na hakuna atakayechoka. Njia ya pili ni kuziachia ngeli zifanye kazi. Dafu ni li-, karatasi na kalamu ni i-, maji ni ya-. “Akaliweka” na “akaitandaza” havichanganyiki, hivyo vitu vinaweza kufuatwa kwa macho bila kutajwa tena. Uchague vifaa vya mezani kwa kuangalia na ngeli zake pia. Kama binti angekuja na daftari badala ya karatasi, “akaliweka” lingekuwa la dafu au la daftari?

Panga limeshikwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na hilo limefanywa kwa makusudi. Hakuna aliyetishwa, hakuna sentensi inayosema mzee alionekana wa kutisha. Lipo tu mkononi mwake, mwishoni linaegemezwa. Mwandishi alitaka kuongeza “macho yake yakiwa mekundu”. Tulishauri yaondoke, kwa sababu kifaa kikisemewa na msimulizi hakina tena la kusema. Kwa sababu hiyo hiyo ilifutwa tashbihi iliyokuwa kwenye karatasi iliyolowa, “kana kwamba haki yake ilikuwa ikizama”. Karatasi inakunywa maji ambayo mgeni amekataa kuyanywa, na jina la marehemu ndilo linaloanza kufutika. Anayeliona ameliona. Asiyeliona bado ana onyesho zima la kusoma.

Sasa mwisho, ambao ulihitaji kazi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. “Umeihesabu lini?” ina nguvu tu ikiwa msomaji anaweza kurudi nyuma na kukuta binti aliihesabu kweli. Kwa hiyo safari ya maneno 310 ilifutwa, na mahali pake pakawekwa aya ya maneno 90: Mwanaidi, kabla ya kufika barazani, anapita shambani. Anagusa alama mpya za panga ambazo wakwezi wamezikata kwenye mashina. Anakwenda shina hadi shina, midomo ikicheza kama mtu anayevuta uradi. Msomaji anadhani anamwombea baba yake. Hapo mbegu imefukiwa.

Lakini mbegu hiyo ilizusha swali la haki kwa msomaji. Kama msimulizi yumo kichwani mwa Mwanaidi, anajua kwamba anahesabu, na kutuficha ni hila chafu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na “alihisi”, “alijua”, “aliwaza” mara 14, na katika sehemu mbili msimulizi maizi, yaani ajuaye yote, aliruka hadi kichwani mwa Mzee Sefu pia. Ukiacha hata moja kati ya hizo, mwisho unakuwa wa udanganyifu, maana ulitufungulia kila wazo isipokuwa lile moja ulilolihitaji. Ndiyo maana zote 14 ziliondoka. Msimulizi wa rasimu ya nne anaona na kusikia, haingii kichwani mwa yeyote. Uamuzi huo haukutokana na mapenzi ya mtindo fulani. Mstari wa mwisho ndio uliolazimisha.

Kama unataka kulifanyia onyesho lako kazi hii, chapisha kurasa zake na uchukue kalamu tatu za rangi. Pigia mstari yanayosemwa kwa rangi moja, yanayotendwa kwa ya pili, na yanayoelezwa na msimulizi kwa ya tatu. Ukiona rangi ya tatu imeshika ukurasa mzima bila kukatizwa, hapo ndipo msomaji atakapofunga kitabu. Kisha andika juu ya karatasi sentensi mbili: fulani anataka kitu gani cha kushikika, na fulani wa pili anataka nini badala yake. Ukishindwa kuziandika, usiguse lugha kwanza; hakuna kivumishi kitakachokuokoa. Baadaye funika aya ya kwanza kwa mkono, usome kuanzia ya pili. Ikiwa hakuna kilichopotea, anza hapo. Fanya hivyo tena na tena mpaka kipotee kitu. Mwisho soma majibizano kwa sauti, na pale unapojikuta unapunguza kasi ili kueleweka, kuna “a-” isiyo na mwenyewe au sentensi iliyofikiriwa kwa lugha nyingine.

Onyesho zima sasa lina maneno yasiyofika 300. Lililobaki halijakamilika, hata hivyo, kwa sababu marekebisho ya onyesho moja huvuja hadi mengine. Sura iliyofuata ilianzia Mahakama ya Mwanzo, Mwanaidi akiwa na karatasi yenye sahihi zote. Sahihi hiyo haijapatikana tena, basi sura hiyo haiwezi kusimama. Kutoka kwenye yale maneno 310 ya safari, mwandishi ameokoa sentensi mbili za kivuko na kuzihamishia huko, wakati wa kurudi: binti ameketi juu ya mfuko wa mkaa, karatasi ameilaza magotini ikauke, ameishika kwenye pembe mbili upepo usiichukue. Jina la marehemu limevimba, herufi mbili hazisomeki. Kama karani ataipokea ikiwa hivyo, au kama wazee itabidi waitwe tena watie sahihi upya, na safari hii Mzee Sefu akiwa amejiandaa, ndilo onyesho linalofuata kuandikwa.